Matairi ya Theluji kwenye Gari la Paskali

Mnaponiona asubuhi naamka kwa kushika ukuta, msifikiri ni uzee peke yake. Ni matairi. Miaka thelathini na kitu nimeinama juu ya matairi, kwanza hapa Dongobesh, halafu Katesh, na kila nililolinyanyua limeondoka na sehemu yake ya mgongo huu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Nimerudi nyumbani, nina shamba dogo la vitunguu swaumu na ng'ombe wawili, na bado vijana mnanifuata hadi shambani. Shikamoo, Fundi Fabiani, hili tairi litaingia kwenye gari langu?

Marahaba. Litaingia. Karibu kila tairi linaingia ukilisukuma vya kutosha. Nimechoka kuulizwa kama litaingia, maana hakuna hata mmoja wenu anayeuliza litafanya nini likishaingia. Kwa hiyo nawaandikia mara moja, msome wenyewe, mniache nipalilie.

Ubavuni mwa tairi kuna namba tatu. Ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili inakuambia kimo cha ubavu ukilinganisha na huo upana. Ya tatu ni ringi. Vijana wengi mnasoma ya tatu tu: ringi kumi na sita hapa, ringi kumi na sita pale, basi, funga. Hizo mbili za mwanzo mnaziona kama mapambo. Lakini ndizo zinazosema tairi litasimama juu kiasi gani, na tairi likisimama juu zaidi, linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Hapo spidi mita inaanza kusema uongo, inasoma pungufu. Breki zinashika kwa kuchelewa, injini inachoka mlimani, na stelingi inakuwa nzito.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Yoramu, alikuwa hasomi vizuri hizo namba, na sidhani kama zilimpungukia. Alitumia chaki. Alipiga alama kwenye tairi pale linapogusa sakafu, na nyingine sakafuni, akalisukuma taratibu mpaka alama ya tairi irudi chini, akapiga tena sakafuni. Kisha akapima kwa kamba. Nilimwambia mara moja, nikiwa na ujuaji wa darasa la saba, kwamba namba zingetosha.

"Namba ziliandikwa tairi likiwa jipya," alinijibu. "Wewe umeletewa lililotembea. Pima."

Alikuwa sahihi. Tairi kipara na tairi lenye kashata ndefu, yaani yale meno ya kukanyagia, namba zile zile, hayalingani. Siku ile alinifanya nipime matairi yote yaliyokuwa kibandani, moja moja, mpaka magoti yakawa meupe kwa chaki.

Niwaambie na la kuchekesha kabla sijafika kwenye lenyewe. Katesh palikuwa na kijana mmoja mwenye gari dogo la chini, aliyetaka liwe refu ili lisiguse mawe akienda Hirbadaw kununua mbuzi. Nilimkatalia. Akaenda kwa fundi mwingine, akafungiwa matairi makubwa mbele na nyuma. Gari likasimama kama kuku aliyenyeshewa. Tatizo ni kwamba akikata kona ya kushoto, tairi lilikuwa linakula fenda. Wiki nzima alizunguka mji kwa kona za kulia tu. Kutoka stendi kwenda sokoni, mwendo wa dakika mbili, alikuwa anapitia karibu mji mzima. Wafugaji wakamjua kwa mlio wake, krr, krr, na mmoja akamuuliza kwa upole kama gari lake linacheua. Mwishowe alirudi kwangu bila kunitazama usoni, nikamrudishia matairi yake. Nilimcheka sana. Nawaambia hili ili mjue nilikuwa fundi wa kucheka makosa ya wengine.

Sasa matairi ya theluji.

Mitumba inayotufikia inatoka nchi nyingi, na baadhi ni nchi za baridi kali. Wenzetu huko wana matairi ya majira ya barafu, yenye kashata za kina na vikato vidogo vidogo kama vilivyochorwa kwa wembe, na ubavuni yamechorwa mlima na kitu kama nyota. Hiyo nyota ni chembe ya theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa usikakamae kwenye baridi. Kwetu theluji hakuna, lakini tope lipo, na ukimwonyesha mtu wa Gitting, kule juu mlimani, kashata zile mwezi wa nne wa mvua, anaona wokovu. Mimi pia nilikuwa nayapenda. Kwenye tope yanashika kama kucha. Sikuwa nafikiria sana yanafanya nini kwenye lami yenye jua, ambapo mpira ule laini unalegea, unayumba, na kuisha kama sabuni.

Paskali alikuwa mkulima wa Gitting, wa ngano na viazi. Tulipata kipaimara siku moja, na mimi ndiye niliyesimama naye alipomuoa Magdalena. Magdalena ni wa huku kwetu, karibu na Dongobesh, na kaka zake tulichunga pamoja. Paskali alikuwa na gari la kubebea familia na magunia machache, la aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, huna pa kulizima. Mwezi wa nne akaniletea Katesh, matairi ya nyuma yameisha kabisa. Mvua ilikuwa imekaa wiki tatu, njia ya kwake imekuwa uji.

Matairi ya saizi yake sikuwa nayo. Nilikuwa na mawili ya theluji, mazuri, niliyoyaficha nyuma ya kibanda kwa ajili ya mtu ninayempenda. Namba ya kwanza ilizidi kidogo, ya pili ilizidi kidogo. Ringi ile ile.

Paskali si mjinga. Aliinama, akatazama ya mbele, akatazama ya nyuma.

"Hizi namba hazifanani na za mbele," alisema.

"Gari halijui kusoma," nilimwambia.

Alicheka, nami nikacheka. Nikayafunga. Chaki ilikuwa mfukoni mwangu. Siku ile nilikuwa nimeshabandua matairi mengi, mgongo unawaka, na nilitaka kumfurahisha rafiki yangu. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta miaka yote hii, sijaipata.

Na alifurahi kweli. Mwezi ule wote gari lake lilipanda Gitting wakati matrekta yamelala. Alinitangaza mpaka kanisani. Tope lina siri moja ambayo sikuitafakari: linateleza. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yasipokwenda sawa, tope linasamehe, kila moja linateleza kidogo, mambo yanaendelea. Mvua ikikatika, ardhi ikikauka, hakuna wa kusamehe.

Mwezi wa tano akapita kibandani. "Fabiani, siku hizi gari linakuwa zito kwenye kona. Linavutana kama ng'ombe asiyetaka kamba. Na kuna harufu, kama kitu kinaungua."

Nililizunguka mara moja. Nikatazama chini, nikaona oili haivuji. Nikamwambia, "Matairi mapya hayo. Yatazoea."

Hiyo ilikuwa mara ya pili, vijana. Ya kwanza unaweza kuiita uchovu.

Mwezi wa sita, asubuhi, jua kali na lami kavu, Paskali na Magdalena walitoka Katesh kwenda Babati kumwona binti yao aliyejifungua. Magdalena alikuwa amepakata dumu la maziwa. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Endasak kuna kona ndefu ya kulia. Paskali aligeuza stelingi, na gari halikugeuka. Boksi linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma lilikuwa limeungua likashikana, magurudumu ya nyuma yakasukuma moja kwa moja, yale ya mbele yakaburuzwa. Alipokanyaga breki, matairi yangu laini yakayumba. Walitoka barabarani, wakalala kwa ubavu kwenye shamba la alizeti. Paskali alichubuka. Magdalena alivunjika nyonga.

Walioandika ajali waliandika mwendo kasi. Mtu ametoka nje ya kona, lami kavu, mchana kweupe, waandike nini kingine? Magdalena alikaa hospitali wiki nyingi, na alipotoka, kaka yake mkubwa, Leonsi, alikuja na gari la kukodi akamchukua kumrudisha kwao.

"Dada yetu hatarudi kwa mtu anayeendesha kama kichaa," alimwambia Paskali mbele ya watu.

Mimi nilikwenda kulitazama gari uani lilikovutwa. Nilikwenda peke yangu. Nilipiga chaki tairi la mbele, nikapiga la nyuma, nikalitoa kila moja na kulisukuma. Kwa mzunguko mmoja, la nyuma lilikwenda mbele kuliko la mbele kwa upana wa kiganja na zaidi, karibu sentimita kumi na moja. Kisha nikafungua nati ya chini ya lile boksi. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami, inanuka moto, ina unga wa chuma unaometa. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilijua kila kitu. Nikafuta alama za chaki kwa kiganja, nikaenda nyumbani.

Na nilinyamaza. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Nataka mjue jinsi kunyamaza kulivyo rahisi, maana hakuna anayewaambia. Hakuna aliyeniuliza chochote. Wateja waliendelea kuja. Kila nilipoona gari kibandani nilipima kwa chaki mpaka wakanishangaa, wengine wakasifu kwamba mzee huyu ana umakini.

Mwezi wa kumi nilipanda Gitting kumsalimia Paskali. Baridi ilikuwa ya kule juu, ukungu umefunika mlima, kuku wameingia jikoni. Nilimkuta anasonga ugali peke yake, umegandia pembeni mwa sufuria. Alinipa kiti. Tukala, na ulikuwa mbaya kweli. Halafu akaanza kuongea akitazama moto.

"Fabiani, nilikuwa nakwenda kama sabini. Nilitazama spidi mita kabla ya kona, nakumbuka. Lakini watu wote wanasema kasi. Nimejiuliza mara nyingi mpaka sasa sijui. Labda nakumbuka ninachotaka kukumbuka. Nimemwandikia Magdalena kumwomba msamaha. Nimekiri kwa padri."

"Hukuwa na kasi," nilisema.

"Unanifariji."

"Sikufariji. Ni matairi. Ni mimi."

Nilimwambia yote: namba, boksi, oili, chaki uani. Nilipomaliza alichukua sufuria, akalitia maji, akaliweka chini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile ya ajali."

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne nimemwomba mke wangu msamaha kwa kosa lako. Umenipita sokoni, umenisalimia."

"Ndiyo."

"Toka, Fabiani."

Nikainuka. Nilipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Na usiniambie mimi peke yangu. Nenda kwa wakwe zangu. Uwaambie wao."

Nilikwenda Jumamosi. Nilipakia kwenye lori la viazi matairi mawili ya gari lile, moja la mbele na moja la nyuma, maana nilijua maneno hayatatosha. Leonsi alikuwa uani na wadogo zake wawili, na mama yao mzee kwenye kigoda. Nilimpa mama shikamoo, akaniitikia na kuniuliza habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za mvua, moja moja kama inavyotakiwa. Sijawahi kuona salamu ndefu kama ile. Magdalena alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemea ukuta.

Nilipiga mstari wa chaki kwenye saruji ya kuanikia mahindi. Nikasimamisha matairi mawili kwenye mstari, nikaweka alama, nikawaomba wadogo wawili wasukume, kila mmoja lake, polepole. Mzunguko mmoja. Wakasimama. La theluji lilikuwa limetangulia.

"Rudia," alisema Magdalena.

Tukarudia.

"Endeleeni mpaka kumi."

Kwenye mzunguko wa kumi, tairi la nyuma lilikuwa limetangulia hatua nzima ya mtu mzima. Leonsi alitembea kati ya yale matairi, huku na huku, kama mtu anayepima shamba.

"Sasa hilo kwenye gari," alisema, "linapitia wapi? Gari ni moja."

"Halina pa kupitia," nilimjibu. "Ndani kuna boksi linalobeba tofauti hiyo. Limetengenezwa libebe kidogo, kwenye kona. Mimi nililibebesha njia nzima, kila siku. Likaungua, likashikana. Gari likakataa kukata kona. Paskali hakuwa na kasi. Na hata kama kuna alichozidisha, spidi mita ilikuwa inamdanganya kwa sababu yangu."

Mama mzee akauliza kwa Kiiraqw nimesema nini, Leonsi akamweleza. Kisha akanigeukia.

"Kwa nini umekaa kimya muda wote huu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Tungekupiga?"

"Niliogopa kuwa mimi ndiye niliyefanya."

Magdalena alichukua magongo yake akainuka. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, nikaelewa kwamba ndivyo alivyotaka. Alikuja hadi pale kwenye saruji, akaligusa tairi la theluji kwa ncha ya gongo.

"Shemeji," aliniambia, "alikuuliza. Aliniambia jioni ile ile kwamba alikuuliza kuhusu namba, na ukamwambia gari halijui kusoma. Tulicheka sote wawili, tukilala."

Nililaza tairi lile chini kwenye saruji.

"Leonsi," alisema, "mpelekee Paskali habari. Mwambie nitarudi nikiweza kutembea mpaka barabarani mwenyewe. Asije kunibeba."

Alirudi Gitting kabla ya Krismasi. Anachechemea mpaka leo, na siku za baridi anashindwa kuinama kwenye moto. Leonsi aliniita mbele ya wazee, nikasema tena yote, wakaniambia la kufanya, nikalifanya. Hilo sitaliandika. Baadhi ya wateja waliacha kuja kwangu. Wengine walikuja zaidi, jambo ambalo sikulielewa, na lilinichosha kuliko wale walioacha.

Paskali alinunua gari jingine baadaye. Tulikuwa tunasalimiana kanisani, hata chai tukinywa pamoja kwenye misiba na harusi, lakini matairi alikuwa anafunga Babati. Alikuwa anapita mbele ya kibanda changu kwenda na kurudi. Sikumlaumu hata siku moja.

Mwaka niliofunga kibanda, alikuja. Hakukusudia, alikanyaga msumari karibu na stendi na tairi lake la akiba lilikuwa na pancha pia. Magdalena alikuwa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha. Nilimsalimia, akaniitikia. Nikaweka jeki, nikabandua tairi, nikatoa msumari, nikabandika kiraka kwa ndani, nikajaza upepo, nikapima kwa geji mara mbili. Vidole vilikuwa vimeshaanza kukataa, nilikuwa mpole kama ninaosha mtoto. Paskali alisimama mikono mfukoni muda wote. Nilipokaza nati ya mwisho na kuteremsha jeki, nilinawa, nikasubiri aende.

Alifungua mlango wa mbele wa abiria, akaushikilia.

"Panda," alisema.

"Wapi?"

"Panda tu."

Nikapanda na mikono yangu yenye maji. Aliendesha kutoka mjini, tukashika lami ya Babati, tukateremka mpaka kwenye ile kona ndefu. Aliingia kona taratibu, gari likageuka, tukatoka upande wa pili. Nikasikia Magdalena nyuma yangu akiachia pumzi. Paskali alitafuta mahali pana, akageuza gari, turudi Katesh.